Nyamaza, Tumsikilize Radi

Chumba chetu cha kurekodia, Mwananyamala,
kilivikwa magodoro ukutani kama majeruhi.
Feni tuliizima. Maiki ilikuwa mbea, inabeba kila kitu:
feni, kengele ya muuza koni,
jirani akidaiwa bili ya maji.
Mimi nilibonyeza kitufe.
Mwinshehe Pazi akavua shati, akawa watu kumi na wanne.

Alikuwa bosi wa magendo, alikuwa mjane wake,
alikuwa mtoto anayemlilia mbwa,
akawa na mbwa.
Kichina hakukijua hata cha kuombea maji.
"Mdomo ukishafunguka," alisema, "haukosi la kusema."
Jenerali akatukana Kiluguru.
Binti mfalme akadai chenji yake.

Mjini wakamwita Dijei Radi.
Uso wake haukuwa na jina: alisukumwa kwenye foleni ya dona
na watu ambao simu zao mfukoni
ziliita kwa sauti yake, "Pokea, mshenzi wewe!"

Alipokwenda kumposa Mwajabu alivaa sauti ya mpenzi.
Mwajabu alicheka mpaka akakaa chini.
"Hiyo ya yule anayekufa kwenye treni. Yako ipi?"
Akajaribu ya jambazi. Akajaribu ya padri.
Wakaoana hivyo hivyo, swali halijajibiwa.

Kisha koo.
Muhimbili walimfungua, wakatoa walichotoa,
wakaacha tundu na kitambaa cheupe cha kulisitiri.
Mwajabu alinunua daftari la kurasa tisini na sita.
Ukurasa wa kwanza aliandika: CHUMVI IMEZIDI.
Sisi tulikuwa tunangoja wosia.

Jumamosi moja nikampeleka Tandika, kibanda umiza,
shilingi mia tano kila kichwa.
Kwenye kioo mzee wa Kichina anakata roho kwenye mianzi,
ndevu zimelowa damu ya rangi,
anamshika mwanawe mkono:
"Mwanangu, fanya yote,
lakini shamba la Kisarawe usiuze."

Banda zima likaangua kicheko. Kisarawe!
Mtu alimwaga karanga.
Mwinshehe hakucheka, na mimi nikaikumbuka siku ile,
alivyotoka kwenye maiki macho mekundu
akasingizia vumbi la sufi.
Maiki yenyewe tuliinunua kwa hela ya lile shamba.
Ndiyo sentensi pekee ambayo hatukuirudia.

Akamgusa bega kijana wa mbele.
Akaonyesha kioo, akaonyesha kifua chake,
tundu likatoa mluzi, birika linaloanza kuchemka.
Kijana hakugeuza hata shingo.
"Mzee, nyamaza bwana. Tumsikilize Radi."

Tukatoka kabla haijaisha.
Kwenye mihogo ya kukaanga akafungua daftari,
kalamu inakata wino, anaipuliza, anaandika:
Yule kijana anajua kusikiliza.
Akafuta pilipili kidoleni, akageuza ukurasa:
Mwambie Mwajabu, ni ya mzee wa mianzi.

Nikamjibu, "Si umwambie mwenyewe."
Halafu nikasikia nilichosema.

Muuza mihogo akatuongezea kachumbari bila kuombwa.
Nyuma yetu, ndani ya mabati,
Radi alikuwa amefika pale pa mbwa,
anabweka, anabweka,
na watoto walioning'inia dirishani
wanamwitikia.