Supu ya Mwani

Leo mwani haupikwi nyumbani kwetu.
Mwani unateleza, kasema mama,
na atelezaye leo
atanyanyuka Novemba ijayo.

Basi nimemfungia Gyutae wali, mayai ya kukunja,
achari ya figili,
na kipande cha peremende ya mchele inayonata menoni,
ili naye anate
kule Seoul, kwenye lango la chuo
ambalo picha yake imebandikwa chooni
tangu ana miaka kumi na miwili.

Unataka kujua inachukua nini?
Niulize mimi, niliyejaribu mara tatu.
Inachukua meno: Gyutae huyasaga usingizini,
daktari kamtengenezea kikinga cha plastiki.
Inachukua gari la baba, lililouzwa Machi
likageuka mwalimu wa hisabati
anayelipwa kwa saa kama fundi bomba.
Inachukua magoti ya mama.
Siku mia alipanda mlima Palgong
mpaka kwa Buddha mwenye kofia ya jiwe,
akasujudu, akahesabu kwa shanga,
ubavuni mwake mamia ya akina mama
kila mmoja akiomba mwanawe apite,
na kupita
ni kumpita mtu.
Sijui yule wa jiwe anawasikilizaje.

Saa saba na dakika kumi mchana: mtihani wa kusikiliza.
Mimi niko kazini, uwanja wa ndege wa Daegu,
glavu mikononi, nimeegemea mkokoteni wa mizigo.
Injini zote zimezimwa.
Ndege iliyotoka Jeju inazunguka juu ya mawingu
na abiria wake na machungwa yao;
haitatua
hadi watoto wamalize kusikia.
Hata Bwana Pyo, msimamizi wetu,
anafungua pakiti ya biskuti polepole
kama anayeiba.

Mara tatu nchi hii ilininyamazia hivi.
Mara tatu nikasikia tumbo langu tu.
Tangu hapo hakuna aliyeninyamazia tena,
wala sidai. Masanduku yana kelele zake
na mshahara haucheleweshwi.
Ila kuna usiku naota nasiliba viduara kwa kalamu nyeusi,
navisiliba, navisiliba,
na safu zote zimesogea kwa moja.

Alfajiri, kabla mama hajaamka,
nililoweka konzi ya mwani
katika sufuria, nikaificha chini ya sinki.
Ulikuwa mkavu kama karatasi ya majibu.
Leo Gyutae anatimiza miaka kumi na minane,
na kwetu asiyekunywa supu hiyo siku yake
ni kama hajazaliwa.

Akirudi sitamuuliza swali,
maana ameulizwa tangu asubuhi.
Nitawasha jiko.
Mwani utakuwa umefura, umejaa sufuria,
unateleza mkononi,
na mama aseme atakavyo.