Maji ya Learco

Kazi yangu ni visahani.
Nagonga mlango, nasema mimi ni wa manispaa,
naomba kuona uani.
Hakuna maji, dada, hata tone,
na nyuma ya bega lake naona ndoo,
bwawa la plastiki la wajukuu,
kisahani chini ya mrehani, kimejaa.

Nafunua mitaro, natumbukiza kidonge,
mtaro baada ya mtaro,
kama mtu anayelisha kuku wasioonekana.

Alikuja ndani ya matairi.
Ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza ya semina:
matairi makuukuu yamerundikwa melini,
kila moja na kijiko chake cha mvua ya huko lilikotoka,
na mayai meusi, madogo kuliko chembe ya pilipili manga,
yaliyokauka, yakangoja.
Yanajua kungoja.
Bandari tatu, miezi sita, bila pasipoti.
Kisha ikanyesha hapa Romagna
juu ya rundo la fundi matairi,
na yai likakumbuka.

Mbu wetu wa zamani alikuwa na adabu zake.
Alisubiri jua lizame,
alipiga zumari kabla ya kuuma.
Huyu mwenye milia miguuni anakuja saa nne asubuhi
unapoanika shuka,
kimya,
anakwenda moja kwa moja kwenye kifundo cha mguu.

Agosti alianza Duilio kinyozi. Joto tu, alisema.
Akafuata mke wa mwoka mikate,
kisha nyumba nne mfululizo kando ya mfereji,
watu wanashuka ngazi kwa makalio, kama watoto.
Wakasema mto umetiwa sumu.
Wakamtazama Rajwinder, mkamuaji wa ng'ombe wa akina Tassinari,
aliyetoka mbali,
na Rajwinder yuko kitandani wiki ya pili,
magoti kama maboga.

Jibu la maabara lilikuja na jina refu.
Daktari alilisoma mara mbili.
Ni Kimakonde, akasema, lugha ya watu wa mbali kusini,
maana yake kile kinachomkunja mtu.
Iole, miaka themanini na mmoja, asiyewahi kuvuka Bologna,
alilitamka polepole, kama anayeonja supu ya jirani:
chi-ku-ngu-nya.
"Aliyelitunga," akasema,
"alikuwa anayajua magoti."

Lakini makaburini ndiko kazi inakouma.
Vyombo vya maua mia tatu na kumi na viwili,
na ndani ya kila kimoja, chini ya waridi,
viluwiluwi wanacheza.
Amri imebandikwa getini: mwaga maji, jaza mchanga.
Wengine wamenunua maua ya nailoni.

"Learco hakuupenda mchanga," Iole aliniambia.
"Miaka arobaini alichimba mifereji,
mchanga ulimtoka masikioni hadi Jumapili.
Nitamletea maji asubuhi,
nitayamwaga jioni.
Ndivyo nilivyofanya mwaka ule wa mwisho, hospitalini,
wala hakuna aliyeniandikia faini."

Kwa mikono ipi, nilitaka kumuuliza.
Vidole vyake havifungi.
Hata kishikio cha birika
anakibeba kwa kiwiko.

Kwenye fomu pana sehemu ya hatua zilizochukuliwa.
Niliiacha wazi.

Sasa saa kumi na mbili na nusu jioni, kazi ikiisha, napitia huko.
Namkuta kwenye benchi, chombo kimelala mapajani,
Learco anatutazama ndani ya picha yake ya kauri,
amevaa tai asiyoizoea.
Iole anashika maua kwa viganja vyote viwili,
mimi namimina.
Hatusemi mengi. Tunakagua changarawe, vichwa vimekaribiana,
kama watu waliodondosha pete.

Leo alikuwamo mmoja.
Mdogo, amepinda kama mkato katika sentensi,
akatapatapa
mpaka kokoto zikanywa maji yake.

Iole alimwangalia hadi mwisho.
Kisha, bila kuinama, kwa kisigino cha kiatu cha pili,
akajikuna kifundo cha mguu.