Koti la Damu ya Mzee

Chumba changu hakina dirisha. Kuta ni kijivu
kwa makusudi, ili jicho lisihongwe.
Nje, Budapest inanyeshewa; ndani
theluji ya mwaka sitini na saba inaanguka upya,
na nimeitia samawati.

Ndivyo walivyotaka wenye mali.
Filamu ya zamani, walisema, iwe na ubaridi,
nyuso ziwake kama chungwa lililoiva.
Nikavuta gurudumu hili kushoto, lile kulia,
na mwigizaji aliyekuwa maji ya kunde
akawa kama ametoka tanurini.

Leo amekuja Bi Piroska Vadnai,
miaka themanini na minane, mkoba magotini.
Yeye ndiye aliyepima mwanga wa nakala ya kwanza,
onyesho kwa onyesho, kwa taa na daftari,
vidole vikinuka dawa hadi mezani kwake.
Alitazama dakika nne, kimya.
Koti la msichana lilipopita darajani
akasema, "Hilo si koti.

Lilikuwa damu ya mzee. Mshonaji, Etelka,
alilichovya mara mbili, maana mara ya kwanza
lilitoka kama nyanya.
Na wewe umelirudisha kwenye nyanya."

Nikamwonyesha nakala za dukani.
Kwenye kaseti koti ni hudhurungi, limelowa giza;
kwenye diski ya kwanza, zambarau;
ya pili ni hii yangu.
Na nakala ya ghalani, iliyoaminiwa kutunza,
imechujuka yote ikawa waridi,
theluji na koti na daraja,
kama shuka lililofuliwa pamoja na soksi nyekundu.

"Basi shahidi ni wewe tu," nikasema.
Akacheka. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja.
"Hili la kushoto lina mtoto wa jicho.
Kwake kila kitu kimetiwa manjano.
Hili jingine walinipasua mwezi wa Machi;
nilirudi nyumbani nikakuta jiko langu limekuwa buluu,
nikamgombeza binti yangu kwa kulipaka rangi."

Akafunika moja, akafunua jingine,
filamu mbili zikipishana kwenye skrini moja.

Na daftari?
"Daftari lina namba. Ishirini na tisa, thelathini na moja, kumi na nane.
Taa yenyewe ilikufa mwaka wa sabini na nne."

Tukaanza. Nikapunguza buluu chembe moja.
"Endelea." Nyingine.
Theluji ikapata uchafu kidogo,
moshi wa kiwanda cha matofali
ambao sikujua kama ulikuwapo.
"Rudisha. Hapana. Acha."
Koti tuliligusa mara kumi na moja.

Jioni binti yake alikuja kumchukua.
Mlangoni Bi Piroska aligeuka, akafumba jicho moja,
sikuona lipi.
"Linakaribia," alisema.
"Lakini Etelka angelikataa."