Wa Tatu kutoka Kushoto

Astoria, Oregoni, mwaka wa arobaini na nne, mvua haikatiki.
Mimi ndiye mwendesha mashine ya filamu.
Mguu wangu wa kushoto umepunjwa inchi moja:
daktari wa jeshi aliutazama, hata miwani hakuvaa,
akagonga muhuri: HAFAI.
Basi vita vyangu nikavipigana kwa taa,
ndani ya kijumba chenye joto, juu ya vichwa vya watu.

Wiki ile tulikuwa na picha ya mabaharia.
Meli imesuguliwa ikang'aa kama sahani ya harusi,
bahari ya kitambaa, mawingu ya brashi,
nahodha mnene apotezaye kofia kila dakika kumi,
mizinga inayotema karatasi za rangi.
Hakuna aliyetapika.
Hakuna aliyeandika wosia.
Watu walicheka mpaka jino la mwisho.

Bi Lempi Kangasniemi alikuja Jumatatu
akitokea kiwanda cha samaki, magamba viwikoni.
Akaja Jumanne.
Jumatano nikamwambia aingie bure; akahesabu senti zake,
akazipanga dirishani moja moja.
Nahodha alipotumbukia ndani ya pipa la viazi
ukumbi mzima ulivunjika mbavu,
yeye kimya, kama mtu anayekagua chenji.
Kisha, pasipo na kichekesho chochote,
vijana mia wakicheza sitahani kwa mstari,
akaangua kicheko peke yake gizani.

Alhamisi nikashuka kumuuliza.
"Safu ya nyuma, wa tatu kutoka kushoto.
Urho wangu.
Waliwaazima kambini, kabla hawajasafiri,
wakawalipa mkate wenye nyama na soda.
Tazama! Wote wanageuka kulia,
yeye huyo, kushoto!
Hata kwenye harusi ya dada yake
alinikanyaga vivyo hivyo."

Mcheza kwao hutuzwa;
huyu alicheza ugenini, kwa soda moja.

Pembe ya telegramu ilichungulia mfukoni mwa aproni,
imelowa mafuta ya samoni.
Hakuitoa. Sikuiulizia.

Usiku nikapima kwa saa: sekunde kumi na moja.
Hakuna aliyeliona kosa, au waliliona
wakaona jua linazama, soda imekwisha, basi yatosha.
Ijumaa nikampelekea habari, mkasi mkononi:
naweza kukata kipicha kimoja tu, Mama,
kama ukucha, hakuna atakayejua,
ukitie ndani ya Biblia.
Akanitazama kama nimetaja kumtoa mtu jicho.
"Ukimkata atasimama," akasema.
"Mwache acheze."

Jumapili mikebe ikapakiwa lorini kwenda Tilamuki.
Jumatatu, niliambiwa,
Bi Lempi aliomba ruhusa kiwandani, ana jino bovu,
akapanda basi la kusini.

Nami, baada ya kufagia maganda ya karanga,
nilipanda jukwaani mbele ya pazia tupu.
Viti mia tatu vikinikodolea.
Nikahesabu kwa mdomo, maana muziki umeondoka na lori:
moja, mbili, tatu, geuka.
Mguu wangu, ule uliokataliwa na serikali,
ukaenda kushoto wenyewe,
bila kufundishwa.
Nikarudia.
Wenzangu wa safu, tisini na wanane, sikuwaona,
lakini nilisikia viatu vyao
vikigeuka kulia.