Mililita Mia

Minza, niliichuja mara tatu kwa chandarua kipya,
asali ya mizinga ya baba yako kule Sengerema.
Chupa ya lita. Kizibo nikakigandisha kwa nta.

Uwanjani Mwanza kijana wa mashine akaiinua kwenye taa:
"Mama, mwisho mililita mia."
Nyuki hawapimi, nikamwambia.
Akacheka. Chupa hakunipa.

Mkobani mna kichupa, dawa yangu ya kikohozi.
Nikaibugia yote, nikakisuuza bombani, nikakijaza mbele yake,
vidole vikanata hadi kwenye tiketi.
Iliyobaki ni ya Ng'washi, mfagiaji;
alishakuja na kikombe.

Ndege ikapinda juu ya ziwa, majabali yakawa kokoto,
mimi nalamba kidole.

Ukisikia minti kwa mbali, usiulize.
Lamba tu.