Spana ya Njano

Iliwaka asubuhi, nikitoka kwa mzee Leander Pardy:
spana ndogo ya njano chini ya mshale wa kasi,
imejilaza pale kana kwamba fundi
kaisahau mezani, kaenda kunywa chai.

Nikazima redio.
Nikaisikiliza injini nisikilizavyo vifua:
vuta pumzi, mama. Toa. Tena.
Haikukohoa.
Ukungu wa Newfoundland ulikuwa umelalia lami,
na mimi, muuguzi wa miaka kumi na tisa,
niwaambiaye watu kila siku wasiogope kabla ya kupima,
niliogopa kabla ya kupima.

Hedley wa gereji hata boneti hakugusa.
"Nyekundu au njano?"
Njano.
"Birika au spana?"
Spana.
"Lingekuwa birika jekundu, ningekwambia zima gari papo hapo,
hata uwe katikati ya daraja.
Hii ni siku ya kliniki tu, Philomena.
Inahesabu kilomita, zikifika elfu nane inapiga hodi.
Oili yenyewe haijaionja."

Kisha akavuta kijiti, akakipangusa, akakichovya tena,
akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.
Nyeusi tii.
"Elfu nane? Una hakika?"

Nikamkumbuka mpwa wangu Selby, wiki ya Pasaka,
akinirudishia funguo huku kifua mbele:
Shangazi, ile taa nimekuzimia.
Alibonyeza kitufe, akawasha swichi, akangoja;
ikapepesa mara tatu, ikalala.
Hesabu ikaanza sifuri. Oili ikabaki ile ile.
Na mimi nikaendesha uongo ule majira mawili,
mlango hadi mlango, na sanduku la dawa pembeni,
nikiwagombeza wazee wamezao vidonge vya maumivu
ili goti linyamaze.

Gari likapandishwa. Oili ikashuka kwenye beseni
taratibu, kama mtu anayekiri.
Nikamwona Hedley akipanda ngazi tatu za ofisi yake,
akisimama ya pili, mkono ukutani,
akijifanya anatafuta kalamu.

"Ulipima presha lini?"
"Mimi? Mimi sina taa."

Nikamkalisha juu ya tairi.
Nikamfunga kitambaa mkononi, juu ya grisi,
nikapuliza. Mshale ukapanda, ukashuka, ukasita.
Nikapuliza tena, nisije nikawa nimekosea.
Hakuuliza kitu. Alikuwa ananitazama usoni
vile nilivyoitazama spana.

Nyuma ya risiti yangu nikaandika:
Jumanne, saa tatu. Usinywe kahawa.
Akaisoma mara mbili, akatafuta pini,
akaitundika ukutani
juu ya kalenda ya mwaka juzi.