Karani wa Mizani

Wembe mmoja ulinivusha masika na kipupwe.
Kinyozi Mchopa akanitania: "Ndevu zako unazitoa kwa awamu?"
Nikacheka. Bado nilikuwa najua kucheka.

Kazi yangu ni mizani, ghala la chama, Tandahimba.
Korosho naijua kwa kuishika:
hii imelala na umande, hii ina mchanga wa makusudi,
hii daraja la kwanza, mwenyewe apewe stakabadhi aende.
Msimu ule gunia lilinikataa.
Nililikumbatia kama siku zote, likabaki limeketi
kama mgeni asiyejua kuaga,
na vijana wa kupakia wakatazama pembeni
kwa adabu iliyoniuma kuliko kicheko.

Nyumbani, Somoe alikuwa anahesabu.
Haandiki, lakini hesabu zake hazipotei:
Ijumaa saba.
Kisha akaacha kuhesabu, akaanza kunusa mashati.
"Huyo anayekumaliza," alisema huku akipepeta mchele,
"mwambie aniachie hata makapi."
Hakukuwa na huyo. Ningemwambiaje
kwamba kutokuwepo kwake ndiyo aibu yenyewe?

Nilikunywa supu ya pweza hadi mwenye sufuria akanizoea.
Nikatafuna karanga, mihogo mibichi, mkuyati.
Gulioni Kitama nikanunua kichupa cha asali nyeusi;
usiku kucha moyo ukanienda mbio,
moyo peke yake.

Jandoni tulifundwa mengi, kwa nyimbo na kwa fimbo.
Hakuna aliyeimba juu ya mwanamume wa miaka arobaini na mmoja
anayesinzia saa tano asubuhi juu ya daftari
na kulengwa na machozi kwa sababu redio imetaja mvua.

Ndanda, saa moja na nusu, kabla ya chai.
"Damu hii hupimwa mapema," alisema Dokta Nachundu,
"jua likipanda, nayo hushuka."
Baada ya wiki mbili akaichukua tena,
maana kipimo kimoja si ushahidi.
Hapo nikamwamini.

"Umewahi kuugua matubwitubwi?"
Kidato cha pili. Mashavu kama maandazi,
na kule chini uvimbe nilioufichia kanga ya mama.
Kumbe deni la zamani.
Hakutamka "nguvu". Alisema homoni, akaandika tarakimu yangu
na kando yake tarakimu inayotakiwa,
nami nikalisoma pengo
kama ninavyosoma gunia lililotobolewa njiani.

Ugonjwa.
Neno ambalo wengine huliogopa
mimi nilitoka nalo nje kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Ila kulikuwa na swali: "Mnataka mtoto mwingine?
Sindano hii hurudisha mengi, lakini huzima mbegu.
Usinijibu wewe. Njoo na mkeo."

Nilimwambia shambani, tukiokota korosho,
migongo tumepeana, maana uso kwa uso nisingeweza.
Alinyamaza hadi kikapu kikajaa.
"Mwaka mzima," akasema, "nimemchukia mwanamke asiyekuwepo.
Nimemwombea upele."
Akanirushia bibo, likanipasukia kifuani,
doa lake halijatoka hadi leo.
"Zamoyoni na Fadhina wananitosha. Twende."

Sasa kila wiki ya tatu nachomwa: mafuta mazito, yanaingia taratibu.
Bei yake naipiga kwa kilo za korosho, na inauma kote kuwili.
Mara nyingine dirisha la dawa hunijibu "njoo Jumatatu",
na damu lazima ipimwe isije ikawa nzito.
Si yote yaliyorudi. Gunia bado tunalinyanyua wawili.
Kuna Ijumaa inayopita kimya, tukaongea tu, tukalala.

Lakini leo alfajiri Somoe amelalamika
kidevu changu kinamkwaruza.
Sikumwomba radhi.